Simu na kompyuta ya Linux: ununue nini Darajani, na kipi ukiache dukani

Ukiingia Darajani, sokoni mjini Unguja, kutafuta waya wa simu, kila muuzaji atakwambia wake ndio "orijino". Neno hilo lisikushughulishe. Kwetu sisi tunaotumia Linux, mfumo wa kompyuta ulio badala ya Windows, suali ni moja: waya huu unapitisha data, au unachaji tu?

Kati ya vitu vinne vya kuunganishia simu na kompyuta, waya wa data ndio nilioupa nafasi ya kwanza, na hauna mpinzani wa karibu. Waya wa USB wa kawaida ndani mna nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za data. Zipo nyaya zilizonyimwa hizo mbili za data, na kwa nje huwezi kuzitambua. Simu inachaji vizuri, kompyuta haioni kitu. Mimi niliwahi kumaliza jioni nzima nikifuta programu na kuzisakinisha upya, naitukana Ubuntu (Linux yangu) isiyo na kosa, kumbe waya ule ulikuwa wa kuchajia. Nilikuwa nimeununua bila kuujaribu, kwa haraka ya kuwahi boti.

Basi nenda dukani na kompyuta yako. Fungua simu, chomeka waya, kisha shusha arifa kutoka juu ya skrini uchague USB itumike kuhamisha faili. Chaguo hilo likikosekana, tilia shaka waya. Kwenye kompyuta fungua tamino (terminal), lile dirisha la kuandikia amri, andika `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kabla ya kuchomeka, halafu tena baada ya kuchomeka. Mstari mpya ukitokea, data inapita, na hapo ndipo pa kuanza kuvutana bei. Muuzaji akinuna kwa sababu umemshikia waya dakika mbili, duka la pili liko hatua tatu mbele.

Usilipie zaidi kwa jina la kasi kabla ya kuijua simu yako. Simu nyingi, hata zenye tundu la USB-C, zinaishia USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde. iPhone 15 ya kawaida, iliyotoka 2023, ni hivyo hivyo. Waya wa bei kubwa hautaiongezea kitu. Bora pesa hiyo ununue nyaya mbili fupi, khasa kama unakaa Nungwi au Mkoani karibu na maji, maana chumvi inakula vichwa vya nyaya upesi. Wenye iPhone, simu ikiuliza kama uiamini kompyuta, kubali. Bila hivyo picha hazitaonekana.

Ya pili ni flashi ya vichwa viwili, USB-C upande mmoja na USB ya kawaida upande wa pili. Mpiga picha za harusi wa Chake Chake ataipenda kuliko waya. Iwe tu imefomatiwa kwa exFAT, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao Linux inausoma yenyewe tangu kerneli (kiini chake) 5.4 ya mwaka 2019. Ikibaki FAT32, mpangilio wa zamani, video ya zaidi ya GB 4 haitaingia, na bwana harusi hatakuelewa. Ubaya wake: unanakili kwa mkono, na kidude chenyewe ni kidogo, kinapotea mfukoni mwa kanzu.

Rauta ndogo ya waifai nimeiweka ya tatu, na wengi wenu ningewaambia msinunue kabisa. Hotspoti ya simu yako inatosha. Washa hotspoti, unganisha kompyuta, weka KDE Connect, programu ya kuunganisha simu na kompyuta, pande zote mbili (mwenye kompyuta yenye sura ya GNOME aweke GSConnect badala yake kwenye kompyuta, asiziwashe zote mbili pamoja). Hapo faili, arifa na ulichonakili vinapita baina ya simu na kompyuta bila kugusa bando, kwa sababu haviendi intaneti. Anayekula bando ni kompyuta yenyewe inayovuta masasisho kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie kuwa muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Vifaa visipoonana na umewasha ufw, ukuta wa ulinzi wa mtandao wa kompyuta, fungua humo poti (milango ya mtandao) 1714 hadi 1764, za TCP na UDP. Ukitaka folda ya picha ijilandanishe yenyewe baina ya simu na kompyuta, bila kukumbushwa, tumia programu ya Syncthing. Kwa Android chukua ile ya Syncthing-Fork, maana programu rasmi ya Android ilisimamishwa mwaka 2024. Rauta inaleta maana nyumba ikiwa na kompyuta kadhaa, au simu yako ikichoka kubeba kila mtu.

Ya mwisho ni kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka. Kwa kupitisha namba za simu au picha moja, sawa. Video ya maulidi ya saa nzima ukiipitisha humo, utakunywa chai, utaenda kuswali, na utarudi uikute bado iko njiani.