Mapitio: Dell OptiPlex 7060 ya mtumba na GTX 1650, kompyuta ya gemu kwa anayeanza mjini Tabora

Kompyuta ninayoipitia hapa haikuuzwa kwa jina la kompyuta ya gemu. Ni Dell OptiPlex 7060 ya umbo la tawa (kasha refu la kusimama), mashine ya ofisi ya toleo la mwaka 2018 iliyofika Tabora ikiwa mtumba, kisha ikaongezewa kadi ya picha ya GTX 1650, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka). Mpwa wangu huitumia nyumbani kwetu Isevya, nami ndiye niliyechagua vipande vyake na ninayeisafisha. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kijana anayeanza, ambaye fedha yake ni ya kuhesabu na ambaye atacheza kwenye monita ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080, huu ni ununuzi wa busara kuliko mwingine wowote niliouona katika mji huu, mradi aangalie umbo la kasha kabla ya kitu kingine chochote.

Naanza na kasha kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. OptiPlex 7060 ilitengenezwa kwa maumbo zaidi ya moja, na wauzaji wetu huyaita yote CPU bila kuyatofautisha. Tawa hupokea kadi ya picha yenye kimo cha kawaida. Kasha jembamba, ambalo ndilo limejaa zaidi katika maduka ya mtumba kwa kuwa ofisi zililipenda, hupokea kadi za kimo kifupi peke yake, na kadi hizo ni adimu na mara nyingi huuzwa ghali kuliko zile za kawaida zenye nguvu ileile. Lile dogo kabisa, linaloweza kufungwa nyuma ya monita, halina nafasi ya kadi hata kidogo. Mtu aliyenunua kasha jembamba kwa sababu lilipungua bei kidogo huilipa tofauti hiyo, na ziada juu yake, siku anapotafuta kadi. Nashauri mnunuzi aombe kasha lifunguliwe mbele yake, aione nafasi ndefu ya kadi kwenye mazabodi (bodi kuu) kwa macho yake, na apime kwa rula urefu uliopo kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kishikio cha diski. Tawa la Dell si kubwa kama makasha ya kuunda mwenyewe, hivyo kadi fupi yenye feni moja ndiyo inayokaa bila usumbufu.

Kinachofuata ni prosesa, yaani ubongo wa mashine, na hapa jina huwapoteza wengi. Katika duka moja la hapa mjini muuzaji alinionyesha mashine nyingine akaniambia, "Kaka, hii ni Core i7, hapa huna cha kujuta." Jina lilikuwa la kweli, lakini namba iliyolifuata ilikuwa 2600, nayo ndiyo inayotaja umri. Core i7-2600 ilitoka Januari 2011, ina viini 4 (sehemu za kukokotoa), na haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Core i5-8500 iliyomo katika OptiPlex hii ni ya mwaka 2018, ina viini 6, hupanda hadi GHz 4.1 inapohitajika, na imekadiriwa wati 65. Anayenunua mashine ya Intel ya miaka hiyo asome tarakimu ya kwanza ya namba ya tarakimu nne baada ya kistari, na akiona iko chini ya 8 aendelee kutafuta. Suala hili lina uzito sasa kuliko zamani, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na zipo gemu za mtandaoni, Valorant ikiwa mojawapo, ambazo kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa. OptiPlex 7060 inavyo vyote viwili. Aidha, mashine za ofisi za aina hii kwa kawaida huja na leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya mazabodi, na hilo ni punguzo la gharama ambalo anayeunda kompyuta mpya halipati.

Sasa kadi ya picha, ambayo ndiyo sehemu ninayotaka fedha nyingi zaidi iende. Katika gemu, mzigo mkubwa wa kuchora kila fremu (kila picha moja ya mwendo) hubebwa na kadi, si prosesa, na mtu aliyepungukiwa afadhali apunguze kwenye kila kitu kingine kabla ya kugusa fungu la kadi. Hata hivyo, uchaguzi katika mashine hii una mpaka wake. Pawa saplai ya tawa hili ni ya wati 260, ina umbo na viunganishi vya Dell yenyewe, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kubadilisha pawa saplai kwa ile ya kawaida ya madukani si kazi ya kuchomoa na kuchomeka. Kwa hiyo kadi inayofaa ni ile inayojitosheleza kwa umeme wa nafasi yake kwenye mazabodi, ambao kikomo chake ni wati 75. GTX 1650, iliyotoka Aprili 2019, iko ndani ya kikomo hicho, ingawa yapo matoleo machache yaliyoongezewa kasi kiwandani ambayo yana tundu la waya ubavuni. Picha ya kadi kwa upande wa juu huonyesha kama tundu lipo, na muuzaji mwaminifu hakatai kuituma.

Kuna jambo moja kuhusu GTX 1650 ambalo wauzaji hawalisemi, pengine kwa kutolijua. Kwa jina hilohilo ziliuzwa kadi za aina mbili. Za mwanzo zina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha GB 128 kwa sekunde, na zilizokuja mwaka 2020 zina GDDR6 inayopitisha GB 192 kwa sekunde. Zote zina GB 4, na sanduku la nje linaweza kufanana. Zikiwa na bei moja au karibu moja, chukua ya GDDR6 bila kusita. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ambayo bado huonekana sana na huuzwa kwa bei inayovutia, siishauri tena kwa anayeanza leo, kwa sababu NVIDIA, mtengenezaji wake, imeacha kuitengenezea draiva (programu za kuiendesha) mpya za gemu na sasa kizazi chake kimebakiziwa marekebisho ya usalama peke yake.

Kishawishi kikubwa zaidi ni kadi ya RX 580 ya AMD. Bei yake kwenye mtumba ni nafuu ukilinganisha na nguvu yake, na moja ya sababu ni kwamba tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha utaratibu uliotegemea kadi za picha, na wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakabaki na kadi wasizozihitaji. Lakini RX 580 imekadiriwa wati 185 na hudai waya wake wa umeme, hivyo haina nafasi katika mashine hii. Hata katika mashine nyingine, anayeitaka aulize kama ni ile yenye vitengo vya kuchakata 2304 au ile iliyoandikwa 2048SP, kwa maana ya pili kwa uwezo ni RX 570 iliyobandikwa jina la mwenzake. Zipo pia kadi za bandia kabisa, ambapo kadi ya zamani sana huandikiwa programu ya kuitambulisha kuwa GTX 1050 Ti au zaidi. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu toleo la 2.12 la Oktoba 2018, huzitambua kadi nyingi za NVIDIA za namna hiyo na huweka neno la onyo mbele ya jina la kadi.

Kwenye RAM sina maneno mengi. GB 16 zinatosha, na ziwe vipande viwili vya GB 8 ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. Tawa hili lina nafasi nne za RAM ya aina ya DDR4, kwa hiyo aliyeikuta na kipande kimoja cha GB 8 aongeze cha pili kinachofanana nacho. SSD ni ya lazima. Ya SATA, aina ya kawaida inayosoma takribani MB 550 kwa sekunde, humtosha mchezaji, na ile ya NVMe, iliyo ya kasi zaidi, hununuliwa ikiwa tofauti ya bei ni ndogo.

Katika matumizi, mashine imetimiza nilichokitarajia. GTA V, ambayo kwa kompyuta ilitoka mwaka 2015, hucheza kwa mipangilio ya juu ikizidi fremu 60 kwa sekunde, isipokuwa ukiwasha MSAA, mpangilio wa kulainisha kingo za picha. EA Sports FC 24, ambayo kiwango chake cha chini ni GTX 1050 Ti, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski, haina kigugumizi, na kwa vijana wa hapa mpira ndio gemu ya kwanza kuulizwa. Counter-Strike 2 huhitaji mipangilio ya chini, na hapo huenda vizuri. Mpaka unaonekana kwenye gemu nzito za karibuni. Cyberpunk 2077, baada ya kusasishwa mwaka 2023, imeweka GTX 1060 ya GB 6 kuwa kiwango cha chini, nayo GTX 1650 hulazimika kupunguza ubora na bado fremu hushuka. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haiwezi kabisa, kwa kuwa hudai kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na GTX 1650 haina. Mwenye kiu ya gemu za kundi hilo asinunue mashine hii kwa matumaini. Aweke akiba kwanza.

Mazingira ya Tabora yana madai yake, na bajeti isiyoyahesabu haijakamilika. Umeme unaopanda na kushuka huumiza pawa saplai na diski, ndiyo maana UPS (kifaa cha betri kinachoendelea kulisha mashine umeme ukikatika) nimeiweka katika orodha ya vipande vya kompyuta, si ya mapambo ya baadaye. Prosesa na kadi kwa pamoja hufika wati 140 zikiwa katika kazi nzito, na ukijumlisha vilivyobaki mashine haizidi wati 200, hivyo UPS ya VA 650, ambayo kwa kawaida hutoa karibu wati 360, huibeba pamoja na monita kwa dakika za kuhifadhi na kuzima. Vumbi la kiangazi huziba feni na mapezi ya kupoozea, na joto la Oktoba huongeza taabu. Kasha likae juu ya meza au kiti, si sakafuni, na lipulizwe kila mwezi wa kiangazi huku feni zikiwa zimezuiwa kwa kidole zisizunguke. Kuhusu kupakua, gemu ya GB 100 kwa bando la simu ni gharama inayoweza kukaribia bei ya kipande cha kompyuta. Tangu Februari 2023 Steam, duka la gemu la mtandaoni, huruhusu gemu kunakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ndani ya nyumba, kila mmoja akiwa na haki yake ya kuicheza, na vijana wawili wenye gemu ileile wanaweza kukutana jioni moja wakaokoa bando zima.

Wapo wanaoniuliza kama isingekuwa bora kuunda kompyuta mpya yenye Ryzen 5 5600G, prosesa ya mwaka 2021 yenye viini 6 na sehemu ya picha ndani yake. Naiheshimu njia hiyo. Mazabodi na pawa saplai huwa za kawaida, na siku fedha ikipatikana kadi kubwa kama RX 6600 huingia bila kikwazo. Ila kabla ya siku hiyo, picha zake ziko nyuma ya GTX 1650 kwa umbali unaoonekana, na kwa kuwa hutegemea RAM ya kawaida, ukiweka kipande kimoja badala ya viwili hudhoofika vibaya. Anayetaka kucheza leo achukue tawa la ofisi. Mwenye kipato cha uhakika na subira ya kuongeza kidogo kidogo achukue njia ya 5600G.

Vipande vingi hutoka Kariakoo na kutufikia kwa basi, na kukirudisha kilichoharibika ni nauli ya kifurushi juu ya nauli, pamoja na mabishano. Kwa hiyo sikubali kadi ipakiwe kabla ya kutumiwa video inayoonyesha kadi hiyohiyo, namba yake ya usajili ikisomeka, ikiwa ndani ya mashine iliyowashwa, GPU-Z ikiwa wazi na gemu ikichezwa kwa dakika kadhaa, kisha risiti yenye namba hiyo na muda wa waranti kwa maandishi. Ikishafika na kufungwa, waya wa monita uchomekwe kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la mazabodi, la sivyo mashine itachora kwa Intel UHD 630, sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa, na mwenyewe ataamini kadi ni mbovu. Na kama baadaye GTX 1650 itamwelemea, tawa hilihili lina hatua moja zaidi: RTX 3050 ya GB 6, ya mwaka 2024, ambayo hutumia wati 70 bila waya wa ziada na ina vile vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga ambavyo GTX 1650 imevikosa. Asiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, kwa kuwa hiyo imekadiriwa wati 130 na pawa saplai hii haiwezi kuilisha.