Meza ya kulia ya miaka ya 1960 iliyokarabatiwa: uzoefu wangu kwenye nyumba ndogo

Ninayotumia ni meza ya msaji (mtiki) yenye mabawa mawili ya kukunja, pamoja na viti vinne, vyote vya mtindo wa Denmark. Mabawa yakiwa chini, meza ina upana wa sentimita 30 tu na hukaa ukutani bila kumzuia mtu njia. Inua bawa moja, wawili wanakula kwa nafasi; inua yote mawili, inafika sentimita 140 na wanakaa sita. Kwa nyumba yenye sebule ndogo sijaona umbo linalofaa zaidi, ilimradi nyuma ya kila kiti ubakize sentimita 75 za mtu kuinukia.

Ubora wa ukarabati usiupime kwa mng'ao. Pindua kiti. Gundi ya zamani hukauka ikapasuka, na hapo ndipo kiti kinapoanza kucheza. Viti vyangu vilibomolewa kwenye maungio, gundi ya zamani ikakwanguliwa mpaka mbao ikaonekana, ikapakwa mpya na kubanwa kwa jiliwa, kifaa cha kubania mbao, hadi siku ya pili. Kumiminia gundi mpya juu ya ile ya zamani ni kazi bure, kwa sababu haipati mbao ya kunywea. Ukikuta skrubu au misumari imepigiliwa pembeni mwa kiungo, kiti hicho kiache: mbao ikitanuka na kusinyaa itapasuka mahali hapo.

Juu ya meza ni vinia, yaani tabaka jembamba la mbao lililogandishwa kwa gundi, si mbao nzima, na unene wake mara nyingi haufiki milimita moja. Msasa wa mashine ukikaa sekunde chache ukingoni, vinia inaisha. Yangu ina doa la namna hiyo kwenye kona ya bawa, limefichwa kwa rangi, na nililiona nilipoitazama meza kwa mshazari dhidi ya mwanga wa dirisha. Hilo lilistahili kiraka cha vinia.

Bawaba ndizo zinazoumia zaidi, maana zinabeba bawa zima. Skrubu ikilegea, dawa ni kuziba tundu kwa kijiti cha mbao na gundi, kisha kutoboa upya. Skrubu ndefu zaidi inaweza kutokeza juu ya meza.

Kwenye viti, mikanda ya mpira na sponji vyote vilibadilishwa, na ilibidi iwe hivyo kwa kuwa sponji ya umri huo husagika kuwa unga. Ila waliweka sponji nene kuliko ya awali, kiti kikapanda. Kati ya kiti na uso wa meza panatakiwa sentimita 25 hadi 30. Pungufu ya hapo mapaja yanagusa fremu ya meza. Mweleze fundi unene unaoutaka kabla hajakata kitambaa.

Umaliziaji ni wa mafuta, nami naupendelea kuliko vanishi kwa sababu alama ya kikombe inaondoka kwa msasa laini na mafuta kidogo, bila kukwangua meza nzima. Paka, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata. Vitambaa ulivyofutia usivikunje wala kuvirundika: mafuta ya kupaka mbao, kama ya kitani, yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke kabisa.