Geji Mpya kwenye Datsun 240Z: Ununue Ipi, Uifunge Vipi Hapa Malindi

Karibuni, watazamaji wetu. Mezani tuna geji tatu za duara, kila moja milimita 52: presha ya oili, joto la maji, na volti. Ni VDO, za Kijerumani, na zinakwenda kwenye Datsun 240Z. Gari hili Kenya halihitaji utambulisho. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Walio nalo mpaka leo wanalienzi, na haki yao, maana ni gari zuri mno. Lakini geji zake zimezeeka, na mwenye gari hataki kutembea kutoka hapa hadi Mombasa bila kujua injini ina hali gani.

Jibu letu tunaliweka mbele: usinunue sura, nunua jozi. Geji na sensa yake, yaani kipimaji kinachoipelekea habari, vya mtengenezaji mmoja, vya kipimo kimoja. Geji ya umeme haioni joto wala presha. Inachosoma ni omu, yaani ukinzani wa umeme, zinazotoka kwenye sensa, basi. Sensa ya mafuta ya VDO hutoa karibu omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Za mtindo wa Kimarekani ni kinyume: 240 tupu, 33 limejaa. Changanya hizo mbili na mshale utakwambia tangi limejaa huku gari linazimika njiani. Hata ndani ya VDO yenyewe kuna geji ya joto ya kufika nyuzi 120 na nyingine ya kufika 150, na kila moja ina sensa yake. Kwa macho sensa hizo zinafanana. Soma namba iliyopigwa kwenye chuma, usitegemee picha ya muuzaji.

Tumezilinganisha na nyingine zinazopatikana. Smiths zinapendeza sana, lakini mahali pake ni magari ya Kiingereza, MGB na Triumph. Kwenye Datsun zinaonekana ngeni. Defi za Japani ni sahihi na mshale wake ni mwepesi, ila mwanga wake ni wa gari la kisasa, unaua sura ya dashibodi ya mwaka 1970. Speedhut za Marekani wanakuchapia uso unavyotaka, na spidometa yao inasoma mwendo kwa GPS, kwa hiyo ukibadilisha giaboksi au saizi ya tairi haidanganyi. Hiyo ni sifa kubwa. Kwa kazi ya leo, VDO zinatosha: uso mweusi, maandishi meupe, na sensa yake ukiipoteza unaipata tena.

Kuna wanaotaka geji zisizo za umeme kabisa. Zina ukweli wake, kwa sababu hazitegemei waya. Lakini ya oili inaleta oili ya moto mpaka ndani ya gari kupitia kipaipu chembamba, na kile cha nailoni kikigusa egzosi kinayeyuka, oili inamwagika miguuni mwa dereva. Ukiitaka, weka kipaipu cha shaba nyekundu au hosi iliyosukwa kwa waya wa chuma. Ya joto ina mrija uliozibwa pande zote mbili, haukatwi, hauungwi, na ukiukunja kwa nguvu geji nzima imekufa.

Sasa, kabla ya kushika bisibisi, elewa dashibodi yenyewe. Kwenye 240Z geji za kati zimeunganishwa mbilimbili. Joto na oili ziko ndani ya geji moja, amita (kipimo cha mkondo wa umeme) na mafuta ziko ndani ya nyingine, halafu kuna saa. Ukiing'oa ile yenye amita, geji ya mafuta nayo imeondoka. Ndiyo maana ushauri wetu ni kuziacha za asili pale zilipo, na hizi tatu uzifunge kwenye kibati cha alumini chenye matundu matatu chini ya dashibodi. Usitoboe ile ngozi. Dashibodi hizi zimeshapasuka kwa jua, na ile ambayo bado nzima ni mali.

Ukitaka kutumia tundu la saa, utahitaji pete ya kupunguza upana. Siku hizi watu wanazichapisha kwa printa za plastiki. Uliza plastiki gani. Ile inayoitwa PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60, na gari lililoegeshwa juani Malindi, vioo vimefungwa, dashibodi hufika huko. Taka ABS au ASA, au mpe fundi wa mashine akukerezee alumini.

Kazi inaanza kwa kufungua waya hasi wa betri, si baadaye, sasa hivi. Sababu ni amita. Kwenye gari hili umeme wote wa kuchaji unapita kwenye amita, nyuma ya dashibodi, kwenye nati mbili zenye umri wa miaka zaidi ya hamsini. Nati ikilegea au ikishika kutu, inapata moto, na hapo ndipo nyaya za 240Z nyingi zilipoanzia kuungua. Voltimita haina hatari hiyo kwa sababu inachota umeme kidogo sana. Kwa hiyo toa zile nyaya mbili nene kutoka amita, zifunge pamoja kwa boliti ya M6 na vichwa vya duara, kaza, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa, ule unaobana ukipashwa moto, tabaka mbili. Mshale wa amita utalala katikati daima. Geji ya mafuta iliyo pembeni yake itaendelea na kazi.

Waya wa voltimita uchukue kwenye umeme unaowaka ukifungua swichi, upitishe kwenye fyuzi ya ampea 3. Usiupeleke moja kwa moja kwenye betri, utaimaliza polepole gari likiwa limesimama.

Tuje kwenye oili, na hapa tutakaa kidogo. Sogeza kamera. Sensa hii ina misumari miwili, mmoja umeandikwa G, mwingine WK. G inakwenda kwenye geji. WK ni ya taa ya onyo. Ukizibadilisha, geji itasoma upuuzi na utaanza kuilaumu pampu ya oili bure.

Tazama uzi wake. Sensa ya VDO mara nyingi ni NPT ya 1/8, kipimo cha uzi cha Kimarekani, yenye meno 27 kwa inchi. Tundu la injini ya Datsun ni BSPT ya 1/8, kipimo cha Kiingereza, meno 28 kwa inchi. Jino moja tu la tofauti. Ukiijaribu kwa mkono itaingia mizunguko miwili, mitatu, kisha itakaza, na wewe utadhani ni kubana kwa kawaida. Ukiongeza spana, unakula uzi wa bloku ya injini. Nunua adapta ya shaba ya kutoka BSPT kwenda NPT, au chukua sensa ya M10x1 na adapta yake. Kitu kidogo hiki ndicho kinachookoa injini.

Wala usiining'inize sensa hii kwenye tii ya shaba, kile kiungo cha matundu matatu, moja kwa moja kwenye bloku. Ishike uone uzito wake, ni kama kikopo kidogo cha chuma kigumu. Injini inatetemeka, barabara ya vumbi inaongeza yake, na shingo ya tii inakatika. Ikikatika, oili yote inamwagika kwa dakika chache. Weka hosi iliyosukwa kutoka kwenye bloku, upande wa chujio la oili, mpaka kwenye fenda ya ndani. Pale funga tii kwa bano, na kwenye tii weka sensa mbili: ya zamani kwa geji ya asili, mpya kwa VDO.

Lakini kumbuka: sensa hizi hupata athi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri, kupitia mwili wake. Ikikaa kwenye hosi, athi imekatika. Toa waya mweusi kutoka kwenye tii mpaka kwenye bodi. Na tepu nyeupe ya mafundi bomba itumie kidogo, mizunguko miwili, ukiacha jino la kwanza wazi. Ukiizidisha, nayo inazuia athi. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye mwili wa sensa, nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi nusu omu, hujamaliza.

Joto la maji ni swali la mahali. Sensa ya zamani iko kwenye nyumba ya themostati, vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta, iache na geji yake. Mpya inahitaji tundu lingine. Wengi wananunua kipande cha alumini chenye tundu, wanakata hosi ya juu ya rejeta na kukichomeka katikati. Kinafanya kazi, ila jua mambo mawili. Kwanza, kipo baada ya themostati, kwa hiyo mpaka ile ya kawaida ya nyuzi 82 ifunguke, geji itaonyesha baridi wakati injini tayari imepata moto. Pili, maji yakivuja yakaisha, sensa inabaki hewani na mshale unashuka. Dereva anaona baridi, injini inaungua. Tundu lililo chini ya themostati ni bora mara nyingi, na kama nyumba yako ya themostati ina plagi isiyotumika hapo, hapo ndipo mahali. Na kile kipande cha alumini, kikikaa kati ya mpira na mpira, nacho kinataka waya wake wa athi.

Kabla hujaifunga sensa ya joto, ijaribu jikoni. Sisi tulio ufukweni tuna bahati: hapa maji huchemka kwenye nyuzi 100 kamili. Nairobi huchemka karibu 95, kwa sababu ya mwinuko. Ining'inize sensa kwa waya ndani ya sufuria, isiguse chini, na upime omu. Sensa ya VDO ya 120 inapaswa kutoa karibu omu 38 maji yakichemka. Kwenye nyuzi 60 iwe karibu 134. Ikiwa mbali na hapo, umeuziwa sensa nyingine.

Sasa nyaya. Hewa yetu ina chumvi, na waya wa shaba wa kawaida unakuwa mweusi kwa ndani chini ya plastiki, mbali na ncha. Nunua ule uliopakwa bati, wanaoutumia watu wa maboti. Milimita 1 ya mraba inatosha kwa sensa, 1.5 kwa waya wa kuleta umeme. Vichwa vibane kwa koleo lake, kisha mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Athi za geji zote tatu zikusanye kwenye boliti moja, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, halafu paka grisi juu.

Athi ya taa za geji ipeleke kwa waya wake peke yake mpaka kwenye boliti ile. Kuna dalili moja ya kuijua athi mbovu: washa taa kubwa usiku. Mshale wa joto ukipanda ghafla, maji hayajapata moto. Athi ndiyo inayolia.

Taa za LED zinawaka vizuri, ila kile kizungusho cha asili cha kupunguza mwanga hakitazipunguza, kwa sababu zinakula umeme kidogo mno. Na zina upande, isipowaka, igeuze.

Wale wanaobadilisha na geji ya RPM, ya mizunguko ya injini kwa dakika, angalizo. Kwenye 240Z za mwanzo umeme wa koili, ile inayotoa cheche za plagi, unapita nyuma ya geji ya RPM yenyewe. Ukiichomoa na kuacha waya wazi, gari haliwaki kabisa. Unganisha ncha zake mbili kwanza. Mpya inachukua ishara kutoka hasi ya koili, na nyuma yake kuna swichi ya idadi ya silinda: iweke 6, la sivyo itakwambia injini inazunguka kuliko ukweli au chini yake.

Mshale ukigoma, usitupe geji. Chomoa waya wa sensa na ufungue swichi. Geji ya joto ya VDO inatakiwa ilale kwenye baridi. Ukiugusisha waya kwenye bodi, ipande mpaka mwisho. Ya oili ni kinyume chake: waya ukiwa hewani inapanda juu, ukigusa bodi inashuka chini ya sifuri. Zikifanya hivyo, geji ni nzima na waya ni mzima, na tatizo liko kwenye sensa au athi yake.

Funga betri, washa injini, na uangalie presha ya oili kwanza. Ikiwa haijapanda ndani ya sekunde chache, zima, usisubiri. Injini ikishapata moto, kipimo cha mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Joto likae kati ya 80 na 95. Volti ziwe kati ya 13.8 na 14.4, zikipita 15, regyuleta inayodhibiti volti imekufa na betri itachemka, zikikaa 12 na ushei, alteneta haichaji. Kisha uende Gede na kurudi, ufungue boneti, upapase chini ya tii na adapta kwa karatasi nyeupe. Ikiwa na doa la oili, kaza robo mzunguko, ufute, utoke tena.