Waranti ya mwaka mzima, fundi hakuna: mashine ya kukata nyasi niliyonunua town

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo sana. Ni ile ya kubeba begani, ya kuchanganya petroli na oili, boksi limeandikwa cc 43, imetoka China, nililipa 14,500 kwa duka moja hapo town Nairobi nikapewa na miwani, kisu cha meno matatu na kile kichwa cha waya wa nailoni. Naishi Kahawa Sukari na mtu yeyote mwenye ploti huku anajua vile nyasi ya kikuyu huwa na kiburi mvua ya Aprili ikishika, unakata Jumamosi hii, ile ingine ni kama hukukata. Kwa hivyo kazi inafanya, kisu kinapita hata penye nyasi imelala, na petroli haimezi vile nilikuwa nimeogopa. Mikono inabaki ikitetemeka ukimaliza lakini kwa hiyo bei siwezi lalamika.

Sasa waranti. Hapo ndio niko na maneno.

Ikiwa baridi inawaka bila shida, inapiga kazi kama robo saa, alafu inazima ghafla, hata haikohoi kwanza, inakatika tu. Vuta kamba mpaka bega liume, wapi. Iweke kivulini ipoe, inawaka kama haijafanya kitu. Nikalegeza kifuniko cha tangi kwanza, kwa sababu saa zingine katundu ka kupitisha hewa huziba, petroli inakataa kushuka na dalili zinafanana kabisa. Haikuwa hiyo. Nikabeba mashine, risiti na kadi ya waranti yenye muhuri, nikapanda matatu (konda alilipisha mashine kiti chake, hiyo tuiwache) nikarudi dukani.

Yule kijana aliyeniuzia hata hakuiwasha. Alifungua tangi akanusa, akasema, "Boss, hapa umechanganya oili vibaya, waranti haiingii." Nikamwambia naweka mililita 40 kwa lita moja ya supa vile kitabu chao kimeandika, na kachupa ka kupimia walinipa wao wenyewe. Akageuza, basi ni kabureta, na kabureta haiko kwa waranti. Plagi pia haiko. Kamba haiko, klachi haiko. Nikamuuliza sasa ni nini iko. "Injini." Ukitoa hizo zote ni injini gani inabaki? Hakunijibu, akaenda kuhudumia mteja aliyekuja na pesa. Fundi wao naye ati yuko Industrial Area, hushuka wakimwita, niache mashine watanipigia. Simu ni mimi nilikuwa napiga, na jibu lilikuwa kesho, kesho, mpaka nikaenda nikaichukua ikiwa pale pale nilipoiweka, na vumbi juu.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja fundi wa jenereta na pawa so (misumeno ya injini) huko Kirinyaga Road. Hii naieleza polepole kwa sababu ni elimu ya bure. Alitoa salansa tu, akamulika na tochi ya simu kwa lile shimo la kutoa moshi akaniambia, "Kijana wangu, angalia pistoni." Mashine ikinyimwa oili, pistoni yake inajaa mikwaruzo ya kusimama upande huo wa salansa, chuma kinakula chuma. Yangu ilikuwa safi, ukitazama vizuri unaona hata ile mistari myembamba ya kuzunguka iliyotoka nayo kiwandani. Akarudisha salansa, akaiwasha, tukangoja ipate moto, ikazima. Hapo hapo akachomoa plagi na kitambaa, akaivalisha kofia yake, akaigusisha kwa chuma cha injini mbali na shimo, ndani ya kibanda kwenye giza, mimi nikavuta kamba. Cheche hakuna. Tukakunywa chai ikapoa, tukarudia, cheche ya bluu hiyo hapo! "Koili," akasema, yaani ile inayopea plagi umeme wa cheche. Waya ulio ndani umekatika mahali, joto likipanda unaachana, ukipoa unagusana tena. Sasa hiyo petroli inaingilia wapi? Alikataa kubadilisha, akasema mashine ikishafunguliwa na yeye duka litanishikia hapo, nipeleke kwa wenyewe.

Nikarudi na video kwa simu. Kijana akanionyesha chini ya risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Sawa, lakini kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya bidhaa za ubora unaofaa na kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro, na pale Milimani kuna Mahakama ya Madai Madogo inayosikiza kesi za hadi milioni moja bila hata kuhitaji wakili. Niliitaja kwa sauti ya kawaida tu, wateja wengine wakiwa wamesimama hapo, na ghafla meneja akapatikana, na fundi wa Industrial Area akapatikana pia. Koili ikabadilishwa bure siku hiyo hiyo. Koili ambayo huko nje sio hata elfu mbili! Yaani walikuwa tayari kunipoteza kwa hiyo.

Shemeji yangu wa Ruiru ana ya kukata ua wa miti, ya betri, na yake ilikataa kuchaji. Yeye alinunua kwa duka lenye karakana hapo nyuma ya kaunta, fundi akapima betri na chaja mbele yake, chaja ikawa ndio mbaya, akapewa ingine akaenda nyumbani. Ila aligundua hapo ndio waranti ya betri ni fupi kuliko ya mashine, na wakati wa kununua hakuna aliyemwambia, kwa hivyo ulizeni.

Mashine naipea nyota nne, duka moja, na hiyo moja ni ya yule fundi wao ambaye kusema ukweli mikono anayo. Kabla hujatuma M-Pesa mwambie muuzaji akupeleke uone mahali mashine hutengenezewa, na vitu ambavyo haviko kwa waranti aviandike kwa risiti. Nataka mowa, ile ya kusukuma, kabla ya mvua ya Oktoba na nitaitoa kwa lile duka shemeji alinunua, hata kama wameongeza elfu tatu juu.