SpongeBob ya PS4: mtoto wa miaka mitano ataiweza?

Mzazi akiona SpongeBob kwenye kava la diski, katuni ile ile ambayo mtoto hashibi kuitazama, hudhani hakuna cha kuuliza. Kwa gemu la "Battle for Bikini Bottom – Rehydrated", kipo. Kava la diski za Ulaya lina namba 7 ya PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga magemu kwa umri, na namba hiyo hupima maudhui, kama mapigano na vitisho. Ugumu haupimwi, na hapa ugumu ndio unaowaliza watoto.

Gemu hili lilitoka mwaka 2020, likiwa limetengenezwa upya kutoka lile la 2003. Plankton, adui wa kwenye katuni, ameunda jeshi la maroboti, yakamgeuka, na SpongeBob na rafiki zake Patrick na Sandy wanayabomoa. Damu hakuna: roboti likipigwa husambaratika vipande. Uhai unahesabiwa kwa chupi, ambazo mtoto atazicheka wiki nzima (bibi akiwepo sebuleni, jiandae kueleza). Vitisho ni vichache: sehemu iitwayo Rock Bottom ina giza, na kwenye makaburi ya Flying Dutchman kuna mzimu. Mtoto anayeogopa kwenda chooni peke yake usiku asifike huko saa mbili usiku.

Tatizo ni vidole. Pedi inadai gumba la kushoto limtembeze SpongeBob, la kulia ligeuze kamera, na katikati ya hayo mtoto abonyeze kuruka, kisha abonyeze tena akiwa hewani. Wa miaka minne au mitano husahau kamera. Anaruka kuelekea jukwaa asiloliona, anaanguka, anarudishwa nyuma, anaruka vile vile tena. Nafuu ni kwamba maisha hayaishi, anaweza kuanguka mara mia. Mwanzishie Jellyfish Fields, sehemu ya chini iliyo tambarare, avunje tiki (vinyago) za mbao na kuokota vitu vinavyong'aa, huku akizoea kugeuza kamera kabla ya kuruka.

Mambo mawili humkwamisha karibu kila mgeni. Kwanza, zipo tiki zinazolipuka: anayepiga kila anachokiona atapoteza chupi hapo. Pili, ni mashine iitwayo Duplicatotron, inayotema maroboti bila kukoma. Mtoto anapiga roboti, linatoka jingine, anapiga, linatoka jingine, mpaka anatupa pedi. Mwonyeshe kwamba kinachopigwa ni mashine yenyewe.

Kisha kuna hesabu ya spachula za dhahabu, ambazo mtoto hukusanya ili kufungua sehemu mpya za gemu. Ziko 100. Tano zinafungua Downtown, 10 Goo Lagoon, 15 Poseidome, na bosi wa mwisho, yaani adui mkuu, anataka 75, yaani robo tatu ya zote. Wa miaka saba anayejituma atafika pamoja na mkubwa wake. Wa mitano ataganda mapema. Msaada upo kidogo: Bwana Krabs anauza spachula nane kwa vile vitu vinavyong'aa, na Patrick anatoa moja kwa kila soksi 10, soksi zote zikiwa 80. Kuokota vinavyong'aa ni kazi ambayo hata mdogo anaiweza. Soksi nyingi zimefichwa pabaya.

Ukinunua ili ndugu wawili wacheze pamoja, utajuta. Hadithi ni ya mchezaji mmoja. Wawili wanakutana kwenye mapigano ya mawimbi ya maroboti peke yake, na hayo ni magumu kuliko hadithi. Kiswahili pia hakimo, na wahusika wanazungumza Kiingereza, hivyo asiyekisoma anahitaji mtu wa kumwambia Squidward anataka nini.

Hukumu yetu: miaka saba na kuendelea, ndiyo, mitano hadi sita, ukikaa naye tu. Wa minne mtafutie "Bluey: The Videogame" ya 2023: ni fupi, na wanne wanacheza kwenye skrini moja.

Diski iliyokwisha tumika igeuze kwenye mwanga uone mikwaruzo, na ijaribu kwenye mashine kabla ya kulipa. Hata gemu likishaingia PS4, diski lazima ibaki ndani. Mashine usiiweke sakafuni: vumbi la Dodoma msimu wa upepo huvutwa na feni, na feni ikianza kunguruma ujue imeziba. Umeme ukikatika gemu linapohifadhi, faili la mtoto linaweza kuharibika. Siku umeme unapocheza, acheze vipande vifupi, na mashine ikiwaka tena ikakagua hifadhi, iacheni imalize.