Sanamu za mashujaa wa filamu: pozi tulivu au pozi la mwendo kwa mnunuzi wa Lamu

Picha ya kwenye boksi ndiyo inayouza: mguu mmoja hewani, joho linapepea, upanga umeinuliwa. Mara nyingi sanamu hiyo ilishikiliwa na stendi au waya uliofutwa baadaye kwenye picha. Ukiiweka vivyo hivyo ndani ya kidaka (kishubaka cha ukutani) nyumbani Lamu, bila kitu cha kuishikilia, joto la msimu wa kaskazi litaiinamisha taratibu hadi ianguke. Ndiyo maana kabla ya kulipa ni lazima ujue imetengenezwa kwa plastiki gani, uzito wake unaangukia wapi, na hewa ya chumvi itaila wapi.

Ushauri wetu ni huu: nunua yenye viungo vinavyojongea na uisimamishe kwa utulivu. Ukitaka mwendo wa kudumu, nunua iliyotoka kiwandani tayari iko kwenye mwendo, ikiwa imeshikamana na kitako chake.

Sababu iko kwenye plastiki yenyewe. Sanamu nyingi huchanganya PVC laini, kwa uso, nywele na joho, na ABS ngumu kwa kiwiliwili na sehemu za viungo. PVC hulainika kwa joto, na ikibeba uzito kwa miezi hupinda kidogo kidogo bila kurudi. Kifundo cha mguu ndicho hushindwa kwanza. Kuna kipimo cha haraka unachoweza kufanya hata dukani: funga nati ndogo kwenye uzi kama timazi ya fundi, ushike uzi usawa wa kitovu cha sanamu, utazame kwa mbele kisha kwa ubavu. Nati ikielekea kati ya nyayo mbili, itasimama. Ikitoka nje hata kwa upana wa kidole, hiyo inahitaji stendi, hata kama leo imesimama vizuri.

Hizi hapa aina tano, kwa mpangilio wa chaguo letu.

1. Sanamu ya 1/12 (sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo halisi) yenye viungo, sentimita 15 hadi 17. Hii ndiyo tunayoiweka mbele. Ni nyepesi, haivunjiki kirahisi njiani, na siku ukichoka na pozi unabadilisha. Black Series ya Hasbro, iliyoanza 2013, ni imara na ya bei nafuu kuliko zile za Japani, lakini kwa kawaida huja bila stendi. S.H.Figuarts ya Bandai hupinda vizuri zaidi na huja na viganja vya kubadilisha. Stendi mara nyingi hununuliwa kando. MAFEX ya Medicom huja na stendi yenye mkono ndani ya boksi.

Angalia viungo vitatu: goti lenye mkunjo mara mbili, kiuno kinachopinda mbele na nyuma, na kifundo cha mguu kinacholala pembeni. Hicho cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu bila hicho miguu ikipanuliwa sanamu husimama kwa kingo za nyayo tu.

Kiungo kikikaza usilazimishe. Plastiki ikianza kuwa nyeupe karibu na pini, imeshachoka na itakatika. Ipashe kwa drai ya nywele kwa nusu dakika, kisha zungusha polepole; fanya hivyo pia kabla ya kubadilisha viganja vya Bandai, maana pini zake za mkono ni nyembamba. Kiungo cha duara kikilegea, kitoe, upake duara utando mwembamba wa supaglu, uache ukauke kabisa nje, ndipo ukirudishe. Ukirudisha gundi ikiwa mbichi, kiungo kimekwisha.

Mguu wa PVC uliopinda hunyooka: uchovye kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja, unyooshe, kisha uutie mara moja kwenye maji baridi. Usifanye hivyo kwa sanamu yenye taa, nguo au resini (plastiki ngumu ya kumimina kwenye kalibu).

2. Sanamu ya PVC isiyo na viungo, iliyo kwenye mwendo. Kama za ARTFX za Kotobukiya. Hapa mwendo ni mzuri kuliko wowote utakaoupata kwa viungo, kwa sababu hakuna mikato ya goti wala kiwiko inayoharibu mstari wa mwili. Chagua yenye kitako kipana na zaidi ya sehemu moja ya kushikilia. Inayosimama kwa pini moja ya kisigino iache, hata ikipunguzwa bei. Zile ndogo za ARTFX+ hutumia sumaku nyayoni na kitako cha chuma; kifute kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, chumvi isikifikie.

3. Sanamu ya 1/6 yenye nguo, sentimita 30 hivi. Hot Toys ya Hong Kong ndiyo inayojulikana zaidi, na bei huwa dola 200 na kupanda. Sura zake hazina mpinzani. Tumeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya pwani: ngozi ya bandia hubanduka vipandevipande kwa unyevu, na suti ya mpira ikiachwa imekunjwa kiwikoni au gotini hupasuka palepale. Ukiinunua, isimamishe wima, mikono chini. Mwendo uwe wa kupigia picha tu, kisha uirudishe. Toa betri za taa kabla ya kuihifadhi, kwani zikivuja hula vyuma vya ndani.

4. Resini. Za 1/10 za Iron Studios ni nzuri sana na hazilegei kwa joto kama PVC. Lakini ni nzito na hukatika kama kigae, na kwa pozi la mwendo hukatika penye wembamba: kifundo, ncha ya upanga, vidole. Mzigo wa Lamu hushushwa Mokowe, hupanda boti, kisha mkokoteni au punda. Mwombe muuzaji maboksi mawili, lile la nje likiwa na sentimita 5 za kujaza kila upande.

5. Ndogo za sentimita 9.5. Mtindo wa Kenner, kampuni iliyotengeneza sanamu za Star Wars, wa 1978: shingo, mabega na nyonga, basi. Pozi hakuna, wala tatizo hakuna. Zinamfaa mtoto.

Kabla ya kuagiza, pima kina cha kidaka. Sanamu ya 1/12 iliyosimama wima hutosheka na sentimita 10. Ikiruka juu ya stendi hesabu 20 au zaidi. Acha nafasi nyuma yake, kwa sababu ukuta wa chokaa hutoa unyevu na vumbi. Usiifungie kwenye kioo kisicho na tundu la hewa: PVC huanza kunata. Ikinata, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uikaushe kivulini.

Mzigo ukifika, rekodi video kuanzia kukata gundi ya boksi, zungusha kila kiungo mara moja, kagua nembo ya kiwanda chini ya nyayo au mgongoni, ndipo utume salio kwa M-Pesa.