Meza ya vitabu vya mtumba Makoroboi, kwa wapenzi wa stori za dunia nyingi

Kama uko Mwanza na unapenda zile riwaya za ulimwengu sambamba pita Makoroboi kwenye meza za vitabu vya mtumba, kuna mzee pale riwaya za aina hiyo kazipanga bega kwa bega na falsafa ya Ugiriki, na ni makusudi kabisa. Mi nilichukua ya Philip K. Dick ya 1962, ile ambayo Ujerumani na Japani ndo wameshinda vita ya pili, nataka kulipa mzee ananiambia ng'wanawane (mwanangu kwa Kisukuma) hiyo usiisome peke yake, akanitolea na cha Wagiriki kwa buku tatu tu.

Aisee utamu wote uko humo. Democritus, karne ya 5 kabla ya Kristo, anasema atomu hazina idadi na utupu hauna mwisho, kwa hiyo lazima dunia ziwe nyingi, nyingine hazina jua wala mwezi, nyingine hazina mnyama wala mmea wala unyevu, na zinagongana zinakufa. Alafu Metrodorus wa Chios anasema dunia kuwa moja tu kwenye anga lisilo na mwisho ni ajabu sawa na shuke moja kuota peke yake kwenye shamba kubwa. Aristotle akakataa, kwake udongo wote unashuka kwenye kitovu kimoja, dunia ya pili itakaa wapi?

Ila hawa hawasemi dunia inagawanyika kila ukiamua jambo, kama kwenye movi za saiv. Kugawanyika kaleta mwanafizikia Hugh Everett 1957, na hata yeye alikuwa anaongelea vipimo vya chembe ndogo sio wewe kuoa au kutooa. Za Wagiriki ziko mbali huko na hakuna mlango wa kuvukia, na kwangu hiyo ndo inasisimua zaidi, mana hazimsubiri mtu yeyote aamue kitu ndo ziwepo.

Kasoro zipo. Vitabu vingine kurasa zimechomoka, kagua za mwisho kabla hujalipa, mvua ikianza anafunika turubai na biashara imeisha. Na vyote hivi ni vya Kiingereza, cha Kiswahili hana hata kimoja, hiyo inaniuma kweli. Lipa namba anayo, na ukirudisha kitabu kizima anakupunguzia kingine. Nimemuagizia Lucretius, yule Mrumi aliyemuweka mwanafalsafa wa Kigiriki Epicurus kwenye shairi, kasema nipite wiki ijayo.